Chumvi ya Nyamoita

Mimi Kaltum nimehudhuria matanga mengi tangu nije Migori, lakini matanga ya Alhamisi ile nusura yaniue mimi mwenyewe. Hadi leo mtu akipiga kelele ghafla nyuma ya duka langu, nashika kifua. Wacha nieleze kutoka mwanzo, maana hapa mtaani kila mtu anaeleza vyake, na wengi wao lawama yote wananitupia mimi.

Nyamoita ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nyuma ya stendi. Mimi nauza mashuka, mapazia na neti za mbu. Yeye ana hoteli. Nikisema hoteli usifikirie ghorofa. Ni mabati, meza nne, mabenchi, na jiko la kuni kwa nyuma. Alikuja kutoka Nyamira mjane, na binti mchanga mgongoni na sufuria mbili mkononi. Binti huyo ndiye Joyline, ambaye sasa ni msichana mkubwa anayemsaidia mamake kazi. Mimi nilikuwa nimefika mwaka mmoja kabla yake, kutoka Isiolo, simjui mtu, Kijaluo sijui hata salamu. Yeye Msabato, mimi Muislamu. Nguruwe haingii kwake, kwa hivyo nikawa nakula maharagwe yake bila wasiwasi. Yeye ananiita Mama Shamima, mimi namwita Mama Joyline, na tumegombana mara nyingi kuliko nilivyowahi kugombana na mume wangu.

Mwanamke huyu alikuwa na mdomo, wallahi! Hakuna chakula kilichotoka jikoni mwake kabla hajakihukumu. Alikuwa akidondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, anaulamba, anafunga macho, halafu unasikia: "Joyline! Hii chumvi umeweka au umeiota?" Alionja hata chakula cha wengine. Nikimletea pilau ya Idi, mbele yangu anaonja kwenye kiganja na kuniambia bizari imeungua. Nilikuwa natoka pale nimenuna, na Idi inayofuata nampelekea tena.

Wateja wake wakubwa ni vijana wa boda boda wa stendi. Mwenyekiti wao anaitwa Kerosi, mwanamume mzima mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka. Nyamoita aliwagombeza wote kama watoto wake: nawa mikono, toa kofia mezani, wewe jana ulikula ukakimbia bila kurudisha sahani. Nao walicheka wakimwita mathee, mama yao, wakanawa mikono.

Halafu mwaka juzi akanyamaza.

Hakufiwa. Hakuibiwa. Hakukosana na mtu. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningemwendea mlangoni kwake, lakini hakukuwa na mtu. Alianza kwa kukosa usingizi, akaja kukosa hamu ya kuoga, hatimaye hata kanisani Jumamosi akawa haendi. Alipika kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Kuonja aliacha kabisa. Nilimuuliza siku moja mbona haonji, akaniambia, "Mama Shamima, kila kitu mdomoni ni kama karatasi. Nionje nini?" Basi akawa anatia chumvi, anasahau kama ametia, anatia tena. Maharagwe yakawa hayaliki. Mimi niliyala nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Nilidhani wateja watakimbia, lakini Kerosi na vijana wake waliendelea kuja, wanakula, wanaomba jagi la pili la maji.

Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni uvivu, na mmoja wa hao wa uvivu nilimpa maneno mbele ya duka hadi akavuka barabara. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Joyline alikuja mbio kwangu, miguu mitupu. Mamake alikuwa amepatikana ameketi peke yake ukingoni mwa mto, amevua viatu na kuvipanga sawasawa pembeni. Tulimrudisha nyumbani, mimi huku na Joyline huku. Njiani nikamuuliza, "Mama Joyline, ulitaka kutufanyia nini?" Akanijibu kwa sauti tulivu, kama anayetaja hali ya hewa. "Hakuna kitu ningewafanyia. Nikiondoka, hoteli itafungwa siku moja. Kesho yake watu watatafuta maharagwe kwingine." Nililia njia nzima, yeye hata kope haikulowa.

Tangu siku hiyo hatukumwacha peke yake. Tukampeleka hospitali, wakatuambia ni ugonjwa wa huzuni, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na una dawa. Akapewa vidonge, akameza wiki nane bila kukosa hata siku moja, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika pakiti. Hakuna kitu. Wakambadilishia, akameza wiki nyingi zaidi. Hakuna kitu. Akawa anakaa na mshauri kila Jumatatu. Mshauri mwenyewe ndiye aliyesema, mama, kuna huzuni ambayo inakataa dawa za kawaida. Homa Bay kuna kliniki moja ya watu binafsi, kuna daktari pale anatibu kwa dripu.

Dripu ya huzuni! Nilicheka. Nilisikia dripu ya malaria, dripu ya kuhara. Ya huzuni sikuwahi.

Tukaenda kwanza kuonana na daktari. Jina lake Nyasuguta, mwanamke mfupi, hana haraka. Akatueleza dawa inaitwa ketamini. Nikamuuliza inafanya kazi gani hiyo. Akasema, bila hata kupepesa macho, ni dawa ambayo kwa kawaida hutumika kulaza mtu anapopasuliwa.

"Daktari," nikasema, "hiyo ya kulaza mtu akichanwa tumbo?"

"Hiyo hiyo. Lakini hapa tunampa kiasi kidogo sana, polepole, dakika arobaini, na hatumwachi hata dakika moja."

Nilimgeukia Nyamoita nikitarajia aseme twende nyumbani. Akasema, "Nipeni tu." Na kilichoniumiza ni kwamba hakuuliza kama ni hatari. Daktari naye aliliona hilo, akaweka kalamu chini, akaanza kumuuliza maswali kuhusu ule mto tuliomweleza.

Siku ya dripu yenyewe ndiyo hiyo Alhamisi. Masharti yalikuwa haya: asile chochote asubuhi, asiende peke yake, baada ya dawa asiendeshe chochote wala asiamue jambo lolote kubwa hadi kesho yake, na nyumbani pawe na utulivu. Hilo la utulivu daktari alinirudia mimi mara mbili, akinitazama usoni. Nikaapa.

Asubuhi kabla ya kuondoka Nyamoita alibandika sufuria ya maharagwe kama kila siku, akatia chumvi, akamwachia Joyline moto. Binamu yangu Ahmednur akaleta gari lake la kubebea marobota ya nguo, lile lisilo na viti nyuma. Nilitandika godoro, na kwa kuwa mgonjwa anastahili kitu safi, nikatoa dukani shuka jipya jeupe.

Ahmednur akalitazama. "Dada, nyeupe?"

"Nyeupe ina nini? Endesha gari."

Kliniki tulimkuta muuguzi Mirumbe, kijana mkubwa wa umbo na mpole wa sauti. Akaniamuru nizime simu, mashine zao hazitaki kelele. Nikazima. Akamfunga Nyamoita mkanda wa kupima presha, akambana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa, akamtafuta mshipa. Dawa ikaanza kudondoka. Daktari akavuta kiti akakaa.

Dakika kumi za kwanza nilijiambia, kumbe ni hivi tu. Halafu macho ya Nyamoita yakabaki wazi yakiangalia dari, hayapepesi. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, akasema kwa sauti ya mbali sana, "Mikono yangu iko kule." Kule wapi? Mikono ilikuwa pale pale juu ya tumbo! Machozi yakaanza kumtoka kwenda masikioni, uso wenyewe haulii. Nilisimama nikapiga ukelele, "Daktari, anaondoka! Anaondoka huyu!"

"Mama Shamima, keti," daktari akasema. "Haendi popote. Presha yake ni nzuri, hewa ni nzuri. Ndivyo dawa inavyofanya, itapita."

Sikuketi. Mirumbe akanishika bega akanikalisha, akaniletea maji, na kikombe kikagongana na meno yangu. Nilisoma kila aya niliyoijua. Dawa ilipokwisha, akarudi kidogo kidogo, kwanza akasogeza vidole, kisha akaniuliza kwa nini nimelowa kifua. Nilikuwa nimejimwagia maji yote.

Tulikaa saa mbili zaidi wakimpima. Alipoweza kusimama na kutembea vizuri, daktari akaturuhusu, akasisitiza: mwendo wa polepole, asirushwerushwe, mwanga utamsumbua, na asiachwe peke yake. Mimi kwa hofu nikasahau simu yangu mkobani, imezimwa.

Njiani Nyamoita akalala. Tulipopita Rodi jua likawa linampiga machoni, akaguna, akavuta shuka akajifunika hadi kichwani. Nikaona ni sawa, si zito, anapumua vizuri. Ahmednur alitambaa na gari kama amebeba mayai. Awendo akaingia kwenye kituo cha mafuta kujaza upepo gurudumu moja. Mimi adhuhuri ilikuwa inanipita, nikaenda kutawadha na kuswali nyuma ya jengo. Ahmednur akamfuata mwenye mashine ya upepo. Dakika kumi, hazizidi. Najua daktari alisema asiachwe. Najua! Nisameheni.

Tukaendelea. Kabla ya kufika Uriri tukaona pikipiki nyingi zinakuja mbele yetu, matawi mabichi yamefungwa kwenye vyuma, honi zinalia. Zikatupita, zikageuka, nyingine zikatangulia mbele yetu, nyingine zikakaa nyuma. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Maiti ya mtu aliyependwa haiingizwi mjini peke yake, vijana wa boda huenda kuilaki njiani.

"Kuna matanga," Ahmednur akasema. "Nipite?"

"Upite matanga ya watu? Huna adabu? Washa taa, uende mwendo wao."

Akawasha taa. Tukaenda nao mwendo wa kobe, honi mbele, honi nyuma. Nilijaribu kuona gari la maiti liko wapi, sikuliona, nikadhani limetangulia. Kando ya barabara wanawake walisimama, mikono kichwani. Mzee mmoja alivua kofia, akatuinamia. Nami nikamwinamia. Moyoni nikawa nasema, Mungu amrehemu, nani huyu maskini? Tulipoingia Migori msafara ukakata kona kuelekea stendi. Nikamwambia Ahmednur, "Ala! Kumbe maiti ni wa mtaani kwetu!"

Msafara ukasimama mbele ya hoteli ya Nyamoita.

Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nje. Duka langu limefungwa. Wanawake wa kanisa lake walikuwa wameketi chini, na kutoka upande wa soko wengine walikuja mbio wakipiga mayowe, "Uuuwi! Uuuwi!" Katikati ya wote alikuwa Joyline, amelala kwenye vumbi, kitambaa kimetoka kichwani, sauti imemkauka kwa kulia. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitafuta kitasa cha mlango, kumbe nafungua dirisha. Ahmednur naye akaanza kusema, "Dada, dada, dada," hana neno lingine.

Kerosi akaja nyuma ya gari, kofia yake ya manyoya ameishika kifuani, uso umevimba kwa machozi. Vijana wanne walimfuata tayari kubeba. Akafungua mlango wa nyuma.

Nyamoita akaketi, shuka likamwanguka mabegani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Jamani! Nimeona watu wakikimbia moto wa soko, sijaona watu wakikimbia vile. Vijana wanne walipotea. Benchi likapinduka na wanawake watatu. Mwanamume mmoja aliruka mtaro ambao hajawahi kuuruka maisha yake, akaangukia ndani. Kerosi peke yake hakukimbia, alikaa chini pale pale, akajibu kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu, "Ni wewe, mathee."

Baadaye alinieleza. Alikuwa amepeleka abiria Awendo, akaliona gari la Ahmednur kituoni, hakuna mtu. Alijua tulikotoka, na habari ya mto aliijua. Akachungulia dirishani, akaona mtu amelala amefunikwa shuka jeupe hadi kichwani. Hakuwa na moyo wa kumpigia Joyline, akapiga stendi. Stendi wakaambia kanisa. Joyline akasikia mayowe, akanipigia simu mara kumi na tisa, na simu yangu imezimwa mkobani. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Lakini wakati ule mimi sikuwa na nafasi ya kufikiria. Nilimwona Joyline akitambaa kwa magoti hadi garini, akamshika mamake uso, mikono, uso tena. Nami nikakumbuka daktari. Utulivu! Nilimwahidi utulivu, na mgonjwa wake nimemleta kwenye matanga yake mwenyewe. Nikajua nimemwua kweli sasa. Nilimwangalia Nyamoita machoni, nikisubiri yale macho ya ukingoni mwa mto yarudi.

Alikuwa anaangalia viti. Anaangalia pikipiki na matawi yake, hazina idadi, nyingine za vijana wa Awendo na Rongo ambao hata hawajui jina lake la pili. Watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, wamejibanza nyuma ya kuta.

"Mmewalisha nini watu wote hawa?" akamuuliza Joyline.

"Maharagwe, mama," Joyline akasema.

Akashuka garini. Nilimshika mkono, akautoa mkono wangu, akaingia jikoni. Nikamfuata, Kerosi nyuma yangu. Sufuria ilikuwa motoni. Akachukua mwiko, akadondosha mchuzi kwenye kiganja cha kushoto, akalamba. Akafunga macho.

"Ng'oo!" akasema, akatema. "Nani amepika uchafu huu?"

Joyline alinitazama mimi, mimi nikamtazama Kerosi.

"Nauliza nani amepika!"

"Ni wewe, mama," Joyline akasema. "Uliyapika asubuhi kabla hamjaenda."

Akaonja tena, kama haamini. Uso wake ukabadilika, na safari hii yeye ndiye aliyeshtuka. "Kumbe hivi ndivyo nimekuwa napika?"

"Kitu kama mwaka," Kerosi akasema. "Na nusu."

"Na mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunakunywa maji mingi."

"Hoteli ya Nyamongo iko hapo ng'ambo ya barabara. Mbona hamkwenda huko?"

Kerosi aliizungusha kofia mikononi. "Mathee, si tulikuwa tunakuja kuona kama umeamka."

Nyamoita alishika ukingo wa meza. Tangu mwaka juzi sikuwa nimemwona akilia kwa uso wake wote, na siku ile alilia, mdomo wazi, mabega yakitikisika, Joyline amemkumbatia kiunoni. Nami nililia, na Kerosi alilia, nje wanawake wakisikia wakaanza tena mayowe wakidhani amekufa mara ya pili.

Sisemi amepona. Dripu zilipaswa kuwa sita, na ile ilikuwa ya kwanza. Siku mbili baadaye aliamka na uzito wake ule ule, ikabidi nimburute kurudi Homa Bay. Daktari Nyasuguta aliposikia habari ya matanga alivua miwani, akasema, "Mama Shamima, hata simu kuwasha?" Tulikamilisha zote sita, vidonge anaendelea navyo, na mshauri bado ni Jumatatu. Kuna siku nzuri na kuna siku mbaya, na kwenye siku mbaya yeye mwenyewe huja kugonga ukuta wangu.

Lakini Alhamisi ile, alipomaliza kulia, alijifuta uso kwa shuka langu jipya, ambalo hadi leo hajanirudishia. Akaibeba sufuria mwenyewe, akamwaga maharagwe yote nyuma ya jikoni. Akamtuma Kerosi maji mitungi miwili, akamwambia Joyline achague maharagwe mapya, na mimi akanifukuza mlangoni kwa sababu nilikuwa nimeziba mwanga. Halafu akatoa kichwa nje, akawaambia waombolezaji wake wanawe mikono.